Kompyuta Inajizima na Kuleta Skrini ya Bluu? Pima RAM Kabla Hujapiga Windows Upya

Karibu kila mwezi naletewa mashine ambayo tayari imefomatiwa mara mbili, mara nyingine tatu. Maelezo ya mwenyewe hayabadiliki: "Ikishapigwa Windows inatulia siku nne, tano, halafu inarudia yale yale." Inajiwasha upya katikati ya kazi, inaganda, inaleta skrini ya bluu, au inafunga programu bila kuaga. Kisha anauliza ni Windows ipi iliyo nzuri.

Windows mara nyingi inasingiziwa. Kilichokosewa ni mpangilio: dawa imetolewa kabla ya kipimo. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea, ikiwa mbovu, hata Windows mpya inaandikwa kwenye diski ikiwa tayari na kasoro, maana kila faili hupitia kwenye RAM kabla ya kufika huko.

Mwongozo huu ni wa kompyuta ya mezani yenye Windows 10 au 11. Laptop nimezigusa pale zinapotofautiana. Tenga jioni moja na usiku mmoja.

## Andaa hivi kwanza

- Bisibisi ya nyota.
- Flashi ya GB 1 au zaidi isiyo na kitu cha maana. Kila kilichomo kitafutwa.
- Kompyuta nyingine nzima, ya kutengenezea flashi na kuokolea mafaili. Ya jirani inatosha.
- Raba nyeupe na laini ya kufutia penseli.
- Spiriti ya isopropili, ya asilimia 90 kwenda juu. Petroli, mafuta ya taa na manukato havifai.
- Kitambaa kisichoacha nyuzi, na brashi mpya laini ya rangi.
- Utepe wa rangi mbili tofauti.
- Daftari na kalamu. Ukikiacha hiki, mwongozo wote hautakusaidia.
- Umeme wa uhakika usiku kucha, au UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika saa nane, kipimo kinaanza upya.

## Imejaa, au imeharibika?

Haya ni magonjwa mawili na watu wanayachanganya. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, kisha Memory. Ukikuta matumizi yapo juu ya asilimia 90 na kivinjari kina kurasa thelathini wazi, RAM yako imejaa, haijaharibika. Funga vitu, au ongeza RAM.

Angalia pia kama kuna mtu alikushauri uzime ile sehemu ya diski inayoisaidia RAM, kwamba mashine "itakuwa na kasi". Irudishe. Bonyeza Windows+R, andika sysdm.cpl, kisha fungua Advanced, Performance, Settings, kisha Advanced tena, halafu Virtual memory, uweke tiki kwenye Automatically manage. Ikiwa umezimiwa hiyo, programu zitaanguka hata RAM ikiwa nzima kabisa.

RAM iliyoharibika ina tabia nyingine. Mashine inaanguka hata nusu ya RAM ikiwa tupu. Faili la zip linakataa kufunguka leo, kesho linafunguka. Programu unayosakinisha inalalamika kwamba faili lake limeharibika, ukirudia inakubali.

Kwa nini haianguki kila wakati? RAM ya GB 8 ina biti zaidi ya bilioni 68, na huenda zilizokufa ni mbili tatu. Fikiria daladala lenye kiti kimoja kilichovunjika mguu kule nyuma. Abiria wakiwa wachache hakuna anayejua. Gari likijaa, kuna mtu ataketi pale. Ndiyo maana mashine inakaa siku nne kwa amani, halafu inaanguka siku unayofungua vitu vingi.

## Hatua ya 1: Soma alama za ajali

Windows hujiwasha upya haraka kabla hujasoma chochote. Izuie: bonyeza Windows+R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, ondoa tiki ya Automatically restart. Sasa ikianguka itabaki imesimama ikusubiri. Kwenye Windows 11 za karibuni skrini hiyo ni nyeusi, si bluu, lakini maandishi yapo. Yapige picha.

Majina yanayotokea sana RAM ikiwa mbovu ni MEMORY_MANAGEMENT, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA na IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Tahadhari: jina moja halitoshi kuhukumu, kwa sababu draiva mbovu (programu ndogo inayoendesha kifaa) nayo hutoa majina hayo hayo. Tazama mwenendo. Majina yakibadilika kila ajali, shuku RAM. Jina likiwa lile lile, na chini yake faili lile lile linaloishia .sys, shuku draiva ya faili hilo.

Kisha andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs, System, utafute namba 41 na 1001. Namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu. Ikiwa na 1001 karibu yake, Windows ilianguka yenyewe. Ikiwa 41 iko peke yake kila mara, na hukuzima wewe kwa kidole, ruka hadi hatua ya 7 kwanza: huenda shida ni umeme au joto.

Umefaulu ukiwa na: tarehe, saa na majina ya ajali tatu kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Okoa mafaili, ila si kwa mashine hiyo

Hapa hata mafundi huteleza. Ukinakili picha na hesabu zako kwa kutumia mashine yenye RAM mbovu, unaweza kupata nakala zilizoharibika na usijue mpaka mwaka ujao. Chomoa diski, ichomeke kwenye ile kompyuta nzima, nakili kutoka huko.

Onyo: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili, hakikisha una namba ndefu ya kuifungulia, ile ya tarakimu 48. Mara nyingi ipo kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia. Itafute leo. Hatua zinazofuata zinagusa BIOS, ile programu ya mwanzo inayoiwasha mashine kabla ya Windows, na BIOS ikiguswa Windows inaweza kuidai.

## Hatua ya 3: Rudisha BIOS katika hali ya kiwandani

Washa mashine huku ukigonga Del au F2, kulingana na mtengenezaji. Tafuta Load Defaults, kubali, hifadhi, toka.

Sababu: RAM nyingi za kujinunulia dukani zimeandikwa kasi inayopatikana tu ukiwasha XMP, na XMP ni kuisukuma RAM kupita kasi yake ya kawaida. Kuna mashine zinazovumilia, kuna zinazotapika. Ukirudisha hali ya kiwandani, RAM ya kizazi cha DDR4 iliyoandikwa 3200 inaweza kushuka hadi 2133 au 2400. Usishtuke. Ajali zikikoma kwa wiki nzima kwa mabadiliko haya tu, umemaliza kazi. Ishi na kasi hiyo.

## Hatua ya 4: Chomoa, safisha, rudisha

Nina haki ya kukaa hapa kidogo, kwa sababu naishi Tanga na chumvi ya bahari inaniletea riziki.

Dada mmoja mwenye stesheni, yaani duka la vifaa vya kuandikia, aliniletea mashine yake ya mezani, zile zilizotumika maofisini ng'ambo zikaja kuuzwa huku. Ilikuwa inakaa chini ya dirisha linalotazama baharini. "Kaka, hii nimeshailipia fomati tatu," aliniambia, "ya nne sitoi." Nilipochomoa RAM, meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia kama sarafu ya zamani, na kwenye kona moja kulikuwa na ukungu wa kijivu. Upepo wa bahari hufanya hivyo. Vumbi la bara nalo lina namna yake: linajaa ndani ya sloti, ule mfereji RAM inapochomekwa, na kuzuia meno yasiguse sawasawa.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili kumaliza umeme uliobaki. Kwa laptop, chomoa na betri. Ikiwa iko ndani, toa plagi yake kwenye ubao kabla ya kugusa kitu kingine.
2. Fungua kifuniko. Gusa chuma tupu cha boksi kabla ya kugusa RAM, na urudie kila unaporudi kutoka kutembea. Umeme wa mwilini usiouhisi unaweza kuua RAM, hasa sehemu kavu.
3. Piga picha sloti zilivyo. Weka utepe wa njano kwenye kipande kimoja, wa bluu kwenye kingine.
4. Fungua vibanio vya pembeni, inua kipande moja kwa moja juu. Kishike kingo zake, usiguse meno.
5. Laza kipande juu ya karatasi safi. Sugua meno taratibu kwa raba, ukielekea nje, pande zote mbili. Usiisugue kama unafuta hesabu ya mtihani. Tabaka la dhahabu ni jembamba sana. Futa mabaki kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, uache dakika tano ikauke.
6. Toa vumbi kwenye sloti kwa brashi kavu. Usiingize sindano, kiberiti wala pini.
7. Rudisha. Linganisha pengo la kwenye meno na kizuizi cha kwenye sloti, kisha kandamiza kwa vidole gumba viwili, ncha zote mbili.

Hiyo ya 7 ndiyo inayowaangusha wengi. Upande mmoja unaingia, mwingine unabaki juu nusu milimita, mashine inawaka vizuri tu, halafu inaanguka jioni ikipata joto. Kibanio lazima kilie "tak" na kijifunge chenyewe. Ikiwa unakisukuma kwa kidole kukifunga, RAM haijaingia.

Kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) yenye sloti nne na vipande viwili, kwa kawaida vipande vinakaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Mashine za ofisini zina mpangilio wake. Tazama mchoro ulio ndani ya kifuniko.

Umefaulu ukiona: BIOS inataja RAM yote. Ikiwa ulikuwa na GB 16 na inasoma 8, zima, kandamiza upya. Ikipiga milio na skrini ikabaki nyeusi, ni hivyo hivyo.

Laptop nyingine RAM yake imechomelewa kwenye ubao kwa risasi, haichomoki. Ukikuta hivyo, nenda hatua ya 5 ukijua kwamba kosa likionekana, kazi ni ya fundi mwenye vifaa vya kuchomelea.

## Hatua ya 5: Pima usiku kucha

Windows ina kipimo chake, mdsched (andika jina hilo kwenye Windows+R). Kinafaa kama chujio la kwanza: kikisema kuna kosa, kiamini. Kikisema hakuna, usikiamini, kwa sababu RAM zenye kasoro ndogo hukiponyoka. Mimi natumia Memtest86+, ya bure, inayowaka yenyewe kutoka kwenye flashi bila Windows.

Kwenye ile kompyuta nzima, pakua toleo lake la kuandika kwenye flashi, liendeshe, chagua flashi yako. Onyo: soma herufi ya diski mara mbili kabla ya kukubali. Nimeshaona mtu akifuta picha za harusi hapo.

Chomeka flashi kwenye mashine mgonjwa, washa ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9. Ikikataa kuwaka, zima Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) kwenye BIOS, na ukimaliza uirudishe.

Kipimo kinaanza chenyewe. Tazama mahali pawili: Pass, yaani mizunguko iliyokamilika, na Errors, yaani makosa. Mzunguko mmoja unaweza kula saa nzima au zaidi kulingana na ukubwa wa RAM. Acha mizunguko minne angalau. Kuna makosa yanayojitokeza tu RAM ikishapata joto, na mtu aliyezima baada ya dakika ishirini hawezi kuyaona. Usiondoe kifuniko ili "ipumue". Unataka joto lile lile la kazini.

Kosa moja ni nyingi. Watu huniuliza, "Makosa mawili kati ya mabilioni si kidogo?" Sio kidogo. Majibu yanayokubalika ni sifuri tu.

Mashine ya dada wa stesheni ilikaa sifuri mizunguko miwili mizima. Saa tano usiku nikawa karibu kuizima nikalale. Ilipofika mzunguko wa tatu yakatokea makosa manne, yote kwenye anwani zilizokaribiana. Niliandika anwani hizo daftarini nikalala kwa furaha ya ajabu, maana sasa nilikuwa na kitu cha kushika.

Umefaulu ukiona: neno PASS kubwa na Errors 0 baada ya mizunguko minne. Basi RAM yako haina hatia kwa sehemu kubwa, nenda hatua ya 7. Kukiwa na kosa, endelea na ya 6.

## Hatua ya 6: Kipande kimoja, sloti moja

Sasa unajua kuna kosa, hujui la nani: RAM, sloti, au kitu nyuma yake. Kanuni ni moja, badilisha kitu kimoja tu kila mara na uandike. Ukibadilisha viwili kwa pamoja ikapona, hujajifunza chochote.

Acha kipande cha njano peke yake kwenye sloti moja, pima. Kisha cha bluu, kwenye sloti ile ile. Halafu rudia kwenye sloti nyingine. Linganisha:

- Kosa linakifuata kipande popote kiendapo: kipande ni kibovu. Tupa, nunua.
- Kosa linabaki kwenye sloti kwa vipande vyote: sloti au mazabodi. Safisha sloti upya. Ikigoma, itumie mashine bila sloti hiyo; si aibu.
- Kila kimoja peke yake ni safi, pamoja vinaleta kosa: havielewani. Hutokea sana kwa vipande vya watengenezaji tofauti. Punguza kasi kwenye BIOS, au tafuta jozi inayofanana.
- Kila kipande, kila sloti, kosa: si rahisi RAM zote zife pamoja. Kwenye mashine za leo kinachoiongoza RAM kimo ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo shuku prosesa, pini za soketi yake zilizopinda, au pawasaplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine).

Kabla ya kukubali hilo la nne, azima kipande ambacho unajua ni kizima kutoka mashine nyingine ya aina hiyo hiyo. Nimeona mtu akinunua mazabodi nzima kwa kukosa kufanya hivi.

## Hatua ya 7: RAM ni safi, bado inaanguka

Umeme. Kwa mashine zinazozima papo hapo bila skrini ya bluu, naanzia hapa. BIOS nyingi huonyesha volti: ile ya 12 inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6, ile ya 5 kati ya 4.75 na 5.25. Chukulia namba hizo kama fununu. Uhakika ni kujaribu pawasaplai nyingine nzima. Usifungue pawasaplai. Ndani yake hubaki umeme wa kuua hata baada ya kuichomoa ukutani. Tazama pia mazabodi: kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme) zilizovimba kichwani au kuvuja kitu cha kahawia ni jibu tosha.

Joto. Vumbi kwenye feni, au ile pasta iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoozea imekauka kama chaki. Safisha, badilisha pasta.

Draiva. Kama daftari lako lina faili moja la .sys linalojirudia, sakinisha upya draiva yake kutoka kwa mtengenezaji wa kifaa hicho. Usitumie zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja.

Diski. Diski inayokufa nayo huleta kuganda. Ikipiga kelele ya kugongagonga, acha yote, okoa mafaili.

## Hatua ya 8: Sasa ndiyo uiguse Windows

Ukishaondoa kilichokuwa kibovu, fungua Command Prompt kama msimamizi, na uendeshe moja baada ya nyingine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inahitaji intaneti. Sfc ikisema imekuta mafaili yaliyoharibika ikayatengeneza, washa upya uiendeshe tena mpaka iseme haikukuta kitu. Ikishindwa mara mbili, sasa fomati ina maana. Na kama unapiga upya kwenye mashine inayoibeba Windows 11, weka hiyo, kwani msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

## Ukienda kununua RAM

Nenda na kipande cha zamani mkononi. DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, pengo lao limehamishwa kwa makusudi, na anayekwambia "isukume tu" anataka kukuuzia na mazabodi. Ya laptop ni fupi kuliko ya mezani. Kwa DDR3 soma volti: kuna za 1.5 na za 1.35 zenye herufi L, na laptop nyingi zilizotengenezwa kwa hizo za L hazizikubali za 1.5.

RAM iliyotumika si mbaya, mimi mwenyewe nauza. Patana na muuzaji mapema kwamba utaipima usiku mmoja na kuirudisha ikileta kosa. Akikataa, vuka barabara uende duka linalofuata. Ukifika nyumbani, rudia hatua ya 5 yote kabla hujafungua kazi yoyote.

Dada wa stesheni alihitaji kipande kimoja tu. Kile cha njano alitaka kukitupa, nikamwomba nikibakize kwenye droo yangu kwa ajili ya kufundishia vijana. Nimekiandika MBOVU kwa wino usiofutika, pande zote mbili, kwa sababu kabla yake nilikuwa na kingine ambacho sikukiandika, na baada ya miezi miwili nikakirudisha kwenye mashine ya mtu mwingine kwa mkono wangu mwenyewe.